Maji Yanapouzunguka Moyo

 

Leo nataka tumzungumzie kijana anayevimba miguu. Si mtu mmoja huyu, ni wengi, na kila msikilizaji wa ukanda huu wa dhahabu, wa Masumbwe, Ushirombo na Kahama, anaweza kumkumbuka wake. Ana miaka 26, au 30. Amechimba tangu alipoacha shule, amebeba viroba vya mawe, ameshinda kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe. Ilianza na kichomi kifuani, akanunua vidonge vya maumivu dukani, kichomi kikapoa. Zikaja homa za jioni. Usiku shati linalowa jasho, uzito unashuka, suruali inahitaji mkanda. Baada ya wiki kadhaa hawezi kutembea kutoka kambini hadi barabarani bila kusimama njiani. Akilala chali anahisi kukabwa, kwa hiyo analala ameketi, kifua amekiinamisha juu ya magoti. Miguu inajaa, tumbo linajaa, mishipa ya shingo imesimama. Ndugu wanachanga, wanampeleka hospitali, anapigwa picha ya kifua, na jibu linalorudi nyumbani ni kwamba moyo umetanuka.

Jibu hilo ndilo lililonileta hapa. Familia ikilisikia huwa kama imesomewa hukumu, maana watu wanaamini kwamba moyo uliotanuka hauponi, mtu huishi nao kwa vidonge hadi siku yake. Wapo wanaokata shauri hapo hapo kuacha hospitali na kwenda kwa mganga, kwa sababu kijana kupata moyo wa mzee ni jambo ambalo wanaona lazima lina mkono wa mtu. Mimi nawaomba wasimame kidogo. Picha ya kifua inaonesha kivuli. Kivuli kikubwa kinaweza kuwa moyo uliotanuka kweli. Kinaweza pia kuwa maji yaliyojaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo, huku moyo wenyewe humo ndani ukiwa wa ukubwa wake wa kawaida, unatafuta nafasi ya kupiga. Picha hiyo peke yake haiwezi kutofautisha mambo hayo mawili. Na maji hayo, kwa mtu wa huku kwetu, mara nyingi sana yameletwa na kifua kikuu, ugonjwa ambao una dawa, na dawa yake hutolewa bure.

Tuuangalie kwanza mfuko wenyewe. Moyo haukai wazi kifuani. Umevikwa mfuko wenye kuta mbili: ukuta wa nje mgumu, ulioshikamana na kiwambo na mfupa wa kifua ili moyo usiyumbe, na ukuta wa ndani mwembamba, uliolalia moyo wenyewe. Katikati ya kuta hizo kuna majimaji machache, mililita 15 hadi 50, kiasi cha kijiko kimoja hadi vitatu vya chakula. Kazi yake ni kulainisha, ili moyo upige mara 100,000 kwa siku bila kukwaruza kitu. Kuta hizo zikishambuliwa na vijidudu, au kinga ya mwili ikizigeukia, huvimba, huwa nyekundu na zenye kukwaruzana. Ugonjwa huo madaktari huuita perikaditisi.

Maumivu yake yana tabia yake, na ni vizuri kuyajua, kwa sababu huku kwetu kila maumivu ya kifua huitwa vidonda vya tumbo, au presha, au kichomi tu. Maumivu ya mfuko wa moyo huwa makali, ya kuchoma, katikati ya kifua au upande wa kushoto, na wakati mwingine hupanda hadi begani. Huzidi mtu akivuta pumzi ndefu, akikohoa, na zaidi akilala chali. Hupungua akikaa na kuinama mbele. Ukimwona mtu usiku kucha amekaa ameinama, kila akijaribu kulala anainuka, usimpe dawa ya vidonda vya tumbo ukadhani umemsaidia. Daktari akiweka kipimo chake cha kusikilizia kifuani anaweza kusikia mkwaruzo unaokwenda pamoja na mapigo ya moyo. Lakini maji yakishaongezeka mkwaruzo hupotea, na maumivu nayo hupungua, kwa sababu kuta zimetenganishwa. Hapo ndipo mgonjwa hudanganyika kwamba amepona.

Ulaya na Marekani ugonjwa huu huletwa zaidi na virusi, vile vile vya mafua au vya kuharisha. Wengi hupona kwa aspirini au ibuprofeni pamoja na dawa ya zamani iitwayo kolichisini, inayotokana na ua moja la mashambani, ambayo tangu mwaka 2005 tafiti za Italia zimeonesha kwamba huzuia ugonjwa usirudi. Huku pia wapo wanaoupata kwa virusi. Wapo ambao figo zao zimeshindwa, na taka zilizobaki kwenye damu zikauchoma mfuko. Wapo wenye saratani, na wapo wenye magonjwa ya kinga kuushambulia mwili. Daktari ana haki ya kuyafikiria yote. Lakini mtu aliyekaa miezi na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, kisha akapata maji kwenye moyo, na anatoka kwenye machimbo, huyo tusimzungushe. Kifua kikuu kitajwe kwanza.

Msikilizaji atauliza: kifua kikuu ni cha mapafu, kimefikaje kwenye moyo? Kimefika kwa jirani. Katikati ya kifua, pembeni kabisa mwa mfuko wa moyo, kuna tezi zinazopokea uchafu kutoka mapafuni. Bakteria wa kifua kikuu wakishakaa kwenye tezi hizo, tezi inaweza kupasukia kwenye mfuko. Wakati mwingine hupita kwenye damu. Wakifika, huwa wachache, lakini mwili huwapokea kwa vita kubwa, na maji yanayojaa mle ni ya vita hiyo. Uchache wao una matokeo ambayo kila familia inapaswa kuyajua: mgonjwa wa aina hii anaweza asikohoe kabisa. Anaweza kutoa makohozi, yakapimwa, hata kwa mashine ya GeneXpert, yakaonekana safi. Kusema "nilipima TB sina" hakufungi mjadala. Makohozi yanasema habari za mapafu. Mfuko wa moyo una habari zake.

Jambo hili linajulikana hapa Tanzania kwa miaka mingi. Wagonjwa wetu wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata madaktari wa Muhimbili wakaanza kuona wagonjwa wengi wenye maji kwenye mfuko wa moyo. Mwaka 1990 kundi lao, wakiwemo Peter Cegielski na Kaushik Ramaiya, lilichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wake juu ya maradhi ya mfuko wa moyo na virusi vya UKIMWI jijini Dar es Salaam. Mwaka 1994 ukatoka uchunguzi mwingine wa hapo hapo, safari hii juu ya kifua kikuu cha mfuko wa moyo kwa Watanzania wenye virusi na wasio na virusi. Kwa hiyo elimu hii haikuja na wageni juzi. Ilipatikana kwenye wodi zetu, kwa wagonjwa wetu, na ni aibu kwamba mpaka leo haijafika vizuri kwenye vituo vya afya vya barabara hii ya kwenda Nyakanazi.

UKIMWI hupunguza kinga, na kinga ikipungua kifua kikuu hutoka mapafuni na kutembea mwilini. Huku kwenye dhahabu tuna mlango wa pili, nao ni vumbi. Jiwe la dhahabu limefungwa ndani ya jiwe jeupe, na jiwe jeupe likichorongwa kavu au likisagwa kwenye karasha hutoa vumbi laini la silika ambalo jicho halilioni. Vumbi hilo likifika ndani kabisa ya mapafu halitoki. Chembechembe za kinga zinazopaswa kuwameza bakteria wa kifua kikuu humeza vumbi, zikafa nalo. Mchimbaji ambaye mapafu yake yameota makovu ya vumbi hilo huwa katika hatari ya kupata kifua kikuu takribani mara tatu ya mwenzake. Ongeza kwamba anafanya kazi shimoni bila hewa ya kutosha, bega kwa bega na wenzake, na jioni analala kwenye kibanda cha maturubai walimobanana wengi. Mwezi Agosti 2012, mjini Maputo, wakuu wa nchi za SADC, Tanzania ikiwemo, walitia saini azimio juu ya kifua kikuu kwenye sekta ya madini. Mwenye mgodi mkubwa anaweza kulisoma azimio hilo na kununua mashine za kuchoronga kwa maji. Mwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, hajaletewa hata kopi.

Nirudi kwenye maji. Mchimbaji ataelewa jambo hili upesi kuliko mtu mwingine yeyote. Duara likivuja maji taratibu, pampu inamudu, kazi inaendelea hata miezi. Maji yale yale yakiingia kwa mpasuko mmoja, watu wanazama. Ndivyo ulivyo mfuko wa moyo. Ukuta wake wa nje ni mgumu, lakini ukipewa muda hunyumbuka, na mtu anaweza kubeba lita nzima ya maji, hata zaidi, akiwa bado anatembea. Maji yakijaa haraka, mililita 200 tu, ambazo hazijazi hata chupa ndogo ya soda, zinatosha kuuminya moyo mpaka ushindwe kupokea damu. Moyo unapiga lakini hauna cha kusukuma. Presha inashuka, mishipa ya shingo inafura, mikono inakuwa baridi, mgonjwa anachanganyikiwa, na asipotolewa maji hayo atafariki.

Hali hiyo ina alama ambayo haihitaji mashine ya gharama. Mwaka 1873 daktari wa Ujerumani, Adolf Kussmaul, aliandika juu ya wagonjwa ambao mapigo yao kwenye kifundo cha mkono yalififia kila walipovuta pumzi. Mhudumu mwenye kipimo cha presha cha kawaida na masikio yake anaweza kupima jambo hilo leo. Presha ya juu ikishuka kwa zaidi ya 10 mgonjwa anapovuta pumzi ya kawaida, na shingo imefura, ashuku maji kwenye mfuko wa moyo na atafute gari la wagonjwa. Tafadhali wauguzi na matabibu mnaonisikia, hili lijaribuni kwa kila kijana anayekuja amevimba.

Na kuna hatari ambayo nataka kuisema bila kuizungusha. Mtu akishaandikiwa kwamba moyo umetanuka, hupewa dawa za kukojoza. Kwa moyo uliochoka kweli, dawa hizo ni msaada mkubwa. Kwa moyo uliominywa na maji ya mfukoni, ni hatari. Moyo huo unategemea shinikizo la damu inayorudi ili uweze kujaa hata kidogo. Dawa ya kukojoza hupunguza damu hiyo. Mgonjwa atakojoa, miguu itanywea, ndugu watafurahi, halafu ataanguka akienda msalani. Maji ya mfuko wa moyo hayatoki kwa mkojo. Hutolewa kwa sindano, chini ya mfupa wa kifua au kati ya mbavu, daktari akiongozwa na altrasaundi. Nimewasikia watu wakisema kwamba kuchomwa sindano kwenye moyo ni kuuawa. Sindano haiingii moyoni, inaingia kwenye maji yaliyo nje ya moyo, na kwa mtu aliyekuwa anakabwa, nafuu huanza maji yakiwa bado yanatoka. Anayeogopesha watu juu ya sindano hiyo anawanyima uhai.

Sasa nifike kwenye hoja ambayo ningependa wakubwa wa afya wa wilaya za Mbogwe, Bukombe na Kahama waisikilize kwa makini. Kipimo kikamilifu cha moyo, kile tunachokiita eko, kinapatikana kwenye hospitali kubwa. Kwa watu wetu wengi hiyo ina maana ya hospitali kama Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayohudumia Kanda ya Ziwa. Safari, chakula cha ndugu, kulala, kipimo chenyewe: familia nyingi huuza ng'ombe. Lakini maji mengi kwenye mfuko wa moyo hayahitaji mashine ya eko wala daktari bingwa ili yaonekane. Altrasaundi ya kawaida, ile ile anayopimiwa mama mjamzito, inayaonesha. Kifaa kinawekwa chini ya mfupa wa kifua, kinaelekezwa juu kuelekea bega la kushoto, na maji yanaonekana kama mkanda mweusi kuuzunguka moyo unaocheza. Mtu aliyefundishwa vizuri hutumia dakika chache.

Hili limeshafanyiwa kazi. Hospitali ya Hlabisa, kule KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, ni ya vijijini, katikati ya kifua kikuu na UKIMWI. Tom Heller na wenzake walitengeneza utaratibu mfupi wa altrasaundi kwa wagonjwa wa pale: tazama mfuko wa moyo kama una maji, tazama mapafu pembeni, tazama tezi za tumboni, tazama wengu na ini. Mambo machache tu, na madaktari wa kawaida waliyajifunza. Vituo vya afya vingi nchini siku hizi vina altrasaundi kwa ajili ya kina mama. Ninachoomba ni kwamba mhudumu anayeishika afundishwe kuipandisha hadi chini ya mbavu pale anapoletewa kijana aliyevimba. Mashine ipo, umeme upo, mgonjwa yupo mlangoni. Kinachokosekana ni mafunzo ya siku chache na mtu wa kuamua.

Wewe ndugu wa mgonjwa nawe una la kufanya. Ukiambiwa moyo umetanuka, uliza kwa adabu, lakini uliza: "Daktari, shikamoo. Ni moyo wenyewe uliotanuka, au ni maji kwenye mfuko wake? Anaweza kupimwa kwa altrasaundi?" Kama ni mtu wa machimbo, mwambie daktari hivyo, usisubiri kuulizwa, maana kwenye karatasi wengi wetu tumeandikwa wakulima. Mwambie juu ya jasho la usiku. Mwambie kama kuna mtu kambini aliyewahi kutumia dawa za kifua kikuu. Na mgonjwa akubali kupima virusi vya UKIMWI, kwa sababu jibu lake linabadilisha namna atakavyotibiwa. Dawa za kufubaza virusi nazo ni bure.

Tiba ya kifua kikuu cha mfuko wa moyo ni ile ile ya mapafu: miezi 2 ya dawa nne zilizounganishwa kwenye kidonge kimoja, kisha miezi 4 ya dawa mbili. Mkojo utakuwa na rangi ya chungwa, hiyo ni dawa, si damu. Kabla ya dawa hizi kupatikana duniani, takribani wanane katika kila wagonjwa 10 wa aina hii walifariki ndani ya miezi sita. Kwa dawa, hali ilibadilika sana, ingawa si kwa kiasi cha kutosha. Wagonjwa 185 waliofuatiliwa katika hospitali za Cameroon, Nigeria na Afrika Kusini, na matokeo yao kuchapishwa mwaka 2008, walionesha kwamba takribani robo walifariki ndani ya miezi sita, na kwa wale ambao UKIMWI ulikuwa umeshawadhoofisha ilikuwa 40 katika 100. Mimi nikizitazama tarakimu hizo naona kuchelewa. Mtu akiletwa amebebwa kwenye machela, dawa ina kazi kubwa kuliko ya mtu aliyeletwa akitembea.

Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Profesa Bongani Mayosi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, mtoto wa daktari wa vijijini Transkei. Alifariki Julai 2018, akiwa na umri wa miaka 51. Ni yeye aliyelishika swali ambalo madaktari wa Afrika walikuwa wakibishana juu yake kwa miongo: je, mgonjwa huyu aongezewe predinisoloni ili kuvimba kupungue? Wenzake wa nchi nane za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, waliandikisha wagonjwa 1,400, na jibu likatoka mwaka 2014. Predinisoloni haikupunguza vifo. Ilipunguza idadi ya mifuko iliyokakamaa baadaye, kutoka karibu 8 hadi zaidi kidogo ya 4 katika kila wagonjwa 100, lakini kwa wenye virusi vya UKIMWI iliongeza saratani. Nasema haya kwa sababu predinisoloni zinauzwa madukani kama pipi, na mtu akivimba jirani humshauri anunue. Usinunue. Hiyo ni dawa ya kuamuliwa na daktari anayejua hali yako ya virusi.

Nimetaja mfuko uliokakamaa. Hiyo ni hatua ambayo hufuata kwa baadhi ya wagonjwa, hata miezi baada ya maji kukauka. Kuta mbili za mfuko hugandana, huwa nene, wakati mwingine hujaa chokaa, na moyo hufungwa ndani yake. Mgonjwa wa aina hii hana maji ya kutolewa kwa sindano. Tumbo lake hujaa kuliko miguu, ini huvimba, na mara nyingi hudhaniwa ana ugonjwa wa ini au amelishwa sumu. Tiba yake ni upasuaji wa kuuondoa mfuko. Ni upasuaji mzito, unaohitaji mahali kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kutoka Masumbwe mpaka pale ni mbali kwa kila namna unavyoweza kupima umbali. Ndiyo maana nang'ang'ania miezi ile 6 ya vidonge na kuanza mapema.

Miezi 6 kwa mchimbaji ni mirefu. Hapa ndipo wengi wanapotupotea. Kijana ameanza dawa Masumbwe, mwezi wa pili ana nguvu, miguu imenywea, anasikia kuna rashi mahali, dhahabu imeibuka, na usiku huo huo anapanda gari. Dawa zinabaki chini ya godoro. Namwambia kijana huyo: hukatazwi kuhama. Nenda kliniki ulikoandikishwa, omba barua ya kuhamishia matibabu, chukua kadi yako, na kliniki yoyote ya kifua kikuu ya serikali huko unakokwenda itakupokea na kukupa dawa bila malipo. Nchi hii ina sifa katika jambo hilo. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na ni hapa, kwenye zahanati na hospitali za wilaya za Tanzania, ambapo daktari Karel Styblo na wenzake Watanzania walionesha kwamba nchi maskini inaweza kumfuatilia kila mgonjwa kwa daftari, dawa za uhakika na msimamizi, hadi apone. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilichukua utaratibu huo na kuupeleka dunia nzima. Daftari lile bado lipo. Jina lako liwemo humo, na liandikwe "amepona".

Wenye maduara nao wanahusika. Mwagieni maji mwamba kabla ya kuchoronga na mahali pa kusagia. Gharama yake ni pipa na mpira. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii vumbi laini, msiwadanganye vijana nacho. Na kijana anayetumia dawa za kifua kikuu asifukuzwe kambini. Mkimfukuza, wa pili ataficha.

Jambo la mwisho ni la uchunguzi. Mgonjwa mwenye kifua kikuu cha mfuko wa moyo, kama mapafu yake ni safi na hakohoi, kwa kawaida hamwambukizi mtu. Mkewe asihamishwe chumba, sahani yake isitengwe. Lakini yeye aliambukizwa na mtu aliyekuwa akikohoa karibu naye, na inawezekana mtu huyo hajapimwa hadi leo. Kwa hiyo kijana akishaanza dawa, kazi inahamia kambini na nyumbani. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii afike, aulize nani anakohoa kwa wiki mbili au zaidi, achukue makohozi. Wenzake wa duara moja wapimwe wote, hata asiyekohoa, kwa picha ya kifua pale inapopatikana. Watoto walio chini ya miaka 5 wanaoishi karibu na mtu atakayegundulika anakohoa kifua kikuu wapelekwe kliniki, wakionekana hawana ugonjwa waanzishiwe dawa ya kuuzuia, nayo pia ni bure. Kliniki ya kifua kikuu kwenye kituo cha afya au hospitali ya wilaya haihitaji rufaa. Unaingia, unasema unakohoa, au unasema ndugu yako amekutwa na maji kwenye moyo, na unapimwa.